Majina Kumi Katika Ghala la Mbata

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, nami nikalitafsiri vibaya. Afisa Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na mbele yake alisimama kijana wa Kipakistani aliyeungua jua mpaka ngozi ya pua inabanduka. Mfawidhi akaniambia, "Mwulize pasipoti yake iko wapi." Nikamgeukia kijana kwa kujiamini, nikafungua kinywa, nikagundua kwamba Kiurdu changu chote nilikipata kwenye sinema. Nilijua kusema nitakufa bila wewe. Nilijua kusema mama, mwanao amerudi. Lakini katika sinema nilizoziona mimi hakuna aliyewahi kuulizwa pasipoti. Basi nikamwambia maneno yaliyokuwa karibu, kwamba ewe msafiri, barua ya safari yako umeificha wapi. Kijana alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake waliokuwa wakingoja nyuma yake wakacheka naye. Mfawidhi akaandika kwenye daftari lake kwamba mkalimani mpya anaelewana na watu vizuri.

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Nimezaliwa Bagamoyo mjini, na mama yangu alifanya kazi za nyumbani kwa familia ya Wakachi, Wahindi wa magharibi mwa India, wenye duka la vitambaa. Nimekulia uani kwao. Mimi na binti yao tulicheza kombolela na kuchambua mchele pamoja; yeye akinisemesha kwa Kiswahili namjibu kwa Kikachi, mpaka mama zetu wote wawili wakatuona tumepungukiwa. Watu wa kwetu lugha zote hizo huziita Kihindi, kana kwamba zimetoka kapu moja, lakini Kikachi ni kingine, Kigujarati kingine, Kiurdu kingine, na Kibengali sikukijua kabisa, nilikuja kujifunza humohumo kazini. Familia ile ilipohamia Dar, nikabaki na lugha mdomoni na sina wa kuzungumza naye. Nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto mmoja, Mwanaidi, na nauza vitumbua. Tangazo la kutafuta mkalimani lilipobandikwa ofisi ya kata, mume wangu ndiye aliyelisoma. Alikuja nyumbani akaniambia, "Mama Mwanaidi, kumbe zile kelele zako za uani zina mshahara."

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la mbata, yaani nazi iliyokaushwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta, nje kidogo ya mji upande wa kaskazini. Kilikuwa na paa la bati, kuta nene za mawe na chokaa, na harufu ya mbata ambayo hakuna dawa ya sakafu iliyoiweza. Chumba kikubwa walilala wanaume. Chumba cha mizani, palipokuwa pakipimwa magunia, walilala wanawake, ambao hawakuwa wengi. Walioletwa pale walikuwa watu wa Asia waliovuka bahari bila karatasi: Wabangladeshi, Wapakistani, Wahindi, na mara mojamoja Wasrilanka. Wengi walikuwa na safari ya kusini mwa Afrika, na mawakala wao waliwashusha pwani upande wa Saadani wakawaambia wamefika. Wakitembea mpaka wakatokeza kijiji cha Mkange, wanakijiji huwapa maji na mihogo, kisha humwita mtendaji wa kijiji. Utaratibu ulikuwa huohuo siku zote: kwanza maji, halafu serikali.

Mgeni akishaletwa, huonwa kwanza na daktari, akaulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo hana, akachanjwa. Halafu hufunguliwa jalada, yaani faili lake, lenye namba. Halafu huhojiwa. Baada ya hapo kazi yake ni kungoja: barua ya ubalozi, tiketi, uamuzi wa makao makuu. Kuna waliongoja wiki tatu na kuna waliongoja mpaka wakajua majina ya kuku wa mlinzi. Sikusikia mtu akipigwa pale, na chakula kilikuwepo. Lakini kungoja bila kujua unangoja mpaka lini ni ugonjwa, na sisi hatukuwa na chanjo yake.

Ukuta wa chumba kikubwa ulikuwa umejaa maandishi waliyoyachora kwa mikia ya vijiko. Mfawidhi aliyaona mapya kila wiki na akaamini ni matusi juu yake. Siku moja akaniita nikamsomee. Kiurdu huandikwa kwa herufi tunazozijua kutoka chuo cha Kurani, na Kigujarati nilifundishwa na yule binti wa dukani, kwa hiyo nilimsomea mstari kwa mstari. Mmoja aliandika kwamba mama asijue kuwa hapa kuna unyevu. Mwingine aliandika kwamba amekaa siku arobaini na sasa dagaa anawapenda. Karibu na dirisha paliandikwa, wewe utakayekuja baada yangu, godoro hili lina kunguni, chukua la mlangoni. Mfawidhi alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akaamuru godoro la dirishani litolewe likachomwe. Ukuta ulipakwa chokaa kila anapokuja mgeni mkubwa, na kila mara waliandika upya.

Sasa niwaeleze ninyi vijana kazi yenyewe, maana wengi mnadhani ukalimani ni kujua lugha mbili. Mkalimani hukaa ubavuni, si mbele. Mtu akisema nilikuja kwa boti, na wewe unasema nilikuja kwa boti; husemi anasema alikuja kwa boti. Kwa utaratibu huo, mimi kwa siku moja niliweza kuwa mwashi, mjane, na mwanamume mwenye deni la mahari. Maswali na majibu yakishapigwa chapa na karani huitwa maelezo. Unamsomea mhojiwa maelezo yake yote kwa lugha yake, anabandika dole gumba, na chini kabisa wewe mkalimani unaweka sahihi kwamba umetafsiri kwa uaminifu na ukamilifu. Ile sahihi ndiyo kazi. Yaliyobaki ni mdomo.

Mfawidhi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkali, mwenye haki. Alinifundisha kanuni moja na akairudia kila Jumatatu. "Mkalimani ni bomba," alisema. "Maji yaingiavyo ndivyo yatokavyo. Bomba halitii sukari."

Niliipenda kanuni ile kuliko ilivyostahili. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, sijathibitishwa kazini, na nilijisikia fahari kuwa bomba safi kuliko mabomba yote.

Kulikuwa na mahojiano ya aina moja yaliyoogopwa na kila mtu, nayo ni ya kulinganisha. Mgeni akidai ana ndugu nchini anayeishi kihalali, wote wawili huhojiwa mbalimbali, maswali yaleyale, kisha majibu yanawekwa pamoja. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani wa ua? Jirani wa kushoto ana mbuzi au ng'ombe? Yakilingana, ndugu ni ndugu. Yakipishana, mgeni anarejeshwa kwao. Mtu anaweza kusema ni ukatili, na mimi siku nyingine nilisema hivyo moyoni. Lakini mawakala walikuwa na biashara ya wake wa karatasi: mwanamke anapewa jina la mwanamume asiyemjua, anavushwa kama mke, akifika anauzwa kazi za utumwa. Mfawidhi alishawakuta wawili wa namna hiyo na hakutaka kumkosa wa tatu. Kwa hilo simlaumu hata leo.

Basi akaletwa Jenabai. Alikutwa ufukweni pamoja na wanaume kumi na mmoja, amevaa bangili za vioo mkono mzima na hana hata kiatu. Alitoka kijiji cha Kachi, na niliposema naye Kikachi alinishika vidole akaking'ang'ania kimoja mpaka kikawa cheupe. Alisema mumewe yuko hapahapa Bagamoyo. Ni fundi seremala wa kuchonga milango, ana kibali cha kazi, na ana miaka minne hajamwona. Wakala alimwahidi viza, akachukua pasipoti yake, akamtia kwenye boti.

Mume alipatikana siku ileile, wala hakujificha. Alikuja mbio, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, akajibu maswali yake yote. Kuhusu mlango wa nyumba yao alijibu robo saa nzima, maana aliuchonga mwenyewe: aina ya mti, maua ya kizingiti, hata ufa uliotokea kipande cha chini akaujaza kwa nta.

Kesho yake akaulizwa Jenabai. Ngazi tatu, akasema, ya kati imemeguka. Kisima upande wa kusini. Jirani ana ng'ombe mmoja mwenye kichaa. Mlango una maua ya kizingiti, na chini una ufa wenye nta. Karani alikuwa akipiga chapa huku akitabasamu, nami nikajua mambo yameisha. Ndipo Mfawidhi akauliza swali jepesi alilozoea kulimalizia.

"Mumeo anaitwa nani?"

Nikatafsiri. Jenabai akatazama sakafu. Nikauliza tena, akatazama sakafu. Mfawidhi akasema, "Anajua au hajui?" Nikamuuliza Jenabai vilevile, unajua au hujui, naye akatikisa kichwa kwamba hajui.

Mimi nilielewa papo hapo. Nani asingeelewa? Kwao mke hatamki jina la mumewe, ni kumvunjia heshima na kumpunguzia umri. Nami kwetu nimelelewa hivyohivyo. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Mkange, aliishi na babu mpaka wakazeekeana, na sikuwahi kusikia jina la babu kinywani mwake, alimwita mwenyewe. Mwenyewe kaenda shamba, mwenyewe hajala. Mimi pia mume wangu ni Baba Mwanaidi, na kabla Mwanaidi hajazaliwa alikuwa yeye. Lakini bomba halitii sukari. Nikasema, "Hajui," na karani akaandika kwamba mhojiwa hajui jina la mtu anayedai ni mume wake.

Ikaja zamu ya kumsomea maelezo. Nilipofika mstari ule, Jenabai akaniangalia, mimi nikamwangalia, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu, wote wawili, kwa moyo mweupe. Yeye alifurahi. Aliona serikali ya watu imempa njia ya adabu: waandike hajui, maadamu hakutamka. Nami niliona vilevile, kwamba mwanamke mwenzangu kastiriwa. Haikunipitia kabisa kwamba karatasi ile itasomwa na mtu asiyekuwepo chumbani. Akabandika dole gumba. Nikaweka sahihi, na mwandiko wangu ni mzuri.

Barua ya makao makuu ilirudi baada ya siku kadhaa. Ilisema kwamba majibu kuhusu nyumba yangeweza kukaririshwa, bali mke asiyejua jina la mumewe si mke. Jenabai arejeshwe kwao ndani ya wiki mbili.

Fundi aliruhusiwa kuleta chakula, na kila alasiri alisimama getini na bakuli zake za bati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Siku ile alikuwa ameshaisikia habari. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu kwa Kikachi, "Watu wa nyumbani wamekula jana?" Ndivyo anavyomwita mkewe, watu wa nyumbani, naye jina hatamki akiweza kuliepuka. Nikamjibu wamekula. Nikapokea bakuli, nikaingia ndani, nikakaa kwenye benchi la mlinzi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Mtu yule aliuchonga mlango kwa mkono wake, na mke wake aliukumbuka mpaka nta ya ufa, na mimi nimewatenga kwa neno moja nililolijua si kweli.

Jioni nilimweleza Baba Mwanaidi wakati wa futari, maana ilikuwa Ramadhani. Alinisikiliza huku akimenya chungwa, na nilipomaliza akauliza, "Na wewe wangekuuliza, ungesema nini?" Nikamsogezea bakuli la uji. "Basi," akasema, "tungekuwa na mke mwingine anayerejeshwa kwao. Bahati yako kwenu ni mtaa wa pili." Akacheka peke yake, kisha akaona sicheki. Akaniambia niende nikaseme, na kama ni vitumbua, jiko bado lipo.

Asubuhi nilimkuta Mfawidhi na karani ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Afande." Akaitikia, "Marahaba, Mama Mwanaidi." Nikamwambia kwamba yale maelezo ya Jenabai niliyoyatilia sahihi yana uongo, na uongo ni wangu.

Aliweka kalamu chini. Akauliza kama ninafahamu maana ya mkalimani kukana sahihi yake katika muda wa majaribio. Nikasema nafahamu. Nikamweleza desturi. Alisikia, lakini nilimwona hakuamini. Kwao bara, alisema, mke humwita mume jina lake mchana kweupe na dunia haijaanguka. Kisha akafungua kabati, akatoa jalada langu mimi, la utumishi.

"Hapa pana jina la mwenza. Huu mwandiko si wako."

"Si wangu, Afande. Kaka yangu ndiye aliyejaza."

"Kwani wewe hujui kuandika?"

"Najua."

Akalitazama jalada, akanitazama mimi, na bila kunionya akalisoma jina la mume wangu kwa sauti, majina yote mawili. Naapa sikukusudia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mtandio, nikauvuta mpaka mdomoni. Karani akaacha kupiga chapa. Mfawidhi akalifunga jalada taratibu, na nilipoona uso wake nikajua kazi nimeikosa ila Jenabai bado ana nafasi.

"Huyo mwanamke naye atafanya hivyo?" akauliza.

"Atafanya, Afande. Asomewe tu."

Alilifanya jambo lile kwa haki kiasi kwamba mpaka leo namwombea dua. Alimwagiza karani aandike majina kumi ya kiume, ya watu wa dini ya Jenabai, na la mume wake liwe katikati. Nilichoruhusiwa kumwambia Jenabai kiliandikwa kwanza kwenye karatasi, maneno manne: yatasomwa majina, usiseme kitu. Kisha mimi nikageuzwa nitazame ukuta, mtu asije akasema nimemkonyeza. Nikasimama pale pua yangu ikigusa chokaa, ambayo chini yake bado ilionekana michoro ya zamani ya mtu aliyehesabu siku zake.

Karani akaanza kusoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. Alipofika la nne, Ibrahimu, nikasikia bangili. Vioo vilipigana vyote kwa pamoja, kisha vikatulia. Nikajua tumekwama, maana mume hakuitwa Ibrahimu. La tano, kimya. La sita, kimya. La saba, Usmani, na bangili zikalia tena, kwa nguvu zaidi. La nane, la tisa na la kumi, sikusikia chochote ila kuku wa mlinzi nje.

"Geuka," Mfawidhi akaniambia. Jenabai alikuwa amejifunika mpaka machoni. Mfawidhi akasema, "Amejifunika mara mbili. Ana waume wawili?"

Hapo akili ikanijia. "Afande, naomba ulitazame jalada la fundi. Baba yake anaitwa nani?"

Akalivuta, akapekua, akaweka kidole kwenye mstari. Usmani bin Ibrahimu. Karani maskini aliyaokota majina kichwani bila kufikiri, na moja likaangukia kwa baba mkwe, ambaye jina lake mkwe wa kike halitaji hata kidogo, pengine kuliko la mume. Nilimweleza Mfawidhi hivyo. Akamtazama yule mwanamke aliyejificha ndani ya kitambaa, akamtazama karani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka kwa sauti.

"Andika," akamwambia karani. "Mhojiwa anamjua mume wake na baba mkwe wake pia. Amewathibitisha wote wawili kwa namna ya kwao."

Makao makuu yalikubali. Fundi alimdhamini mkewe, ikatolewa hati ya muda mpaka pasipoti mpya ifike, na siku tatu kabla ya Idi Jenabai alitoka kwa mlango wa mbele wa ghala. Nilidhani watakumbatiana. Walisimama hatua mbili mbalimbali, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake, viatu vya Jenabai vikiwa ndala zangu. Fundi akasema, kwa Kikachi, kwamba ngazi ya kati ameshaiagiza itengenezwe. Jenabai akajibu kwamba wakati wake ulishafika. Halafu wakaondoka, yeye nyuma yake kidogo, na bangili zikisikika mpaka kona ya barabara.

Na mimi? Nilipewa barua ya onyo, na kuthibitishwa kwangu kukasogezwa mbele mwaka mzima. Barua ninayo, imo sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Siku aliponikabidhi, Mfawidhi alifunga mlango na kuniambia, "Ulikuwa bomba zuri. Lakini bomba likiona maji yana tope, lipige kelele." Toka hapo kituoni petu hakuna aliyeandika hajui kwa mtu aliyenyamaza. Tuliandika hakutaja, na sababu yake. Na wanawake walisomewa majina kumi.

Nilifanya kazi chini ya wafawidhi wanne baada ya yule. Miaka mitatu nilikaa Ubena, kwenye kizuizi cha barabara kuu, ambako kazi ilikuwa kuingia ndani ya mabasi na kusalimia abiria kwa lugha nne mpaka mmoja aitike asipotarajia. Mfawidhi wa Ubena alikuwa mchekeshaji, alidai wasafiri wote wasio na karatasi wanajulikana kwa kutokununua mahindi ya kuchoma. Baadaye nilipelekwa upande wa Mkange, kwenye kibanda kimoja chenye redio ya upepo, ile ya kuitana na makao makuu, na huko nilimhoji kijana mmoja wa Bangladesh chini ya mwavuli, mvua inanyesha, naye akinifundisha jinsi mama yake anavyopika samaki kwa haradali. Nikarudishwa ghalani nikiwa mkalimani mwandamizi, nikawafundisha wengine sita. Nimetia sahihi maelezo ambayo sina hesabu yake. Sahihi moja tu niliikana.

Siku hizi naambiwa kuna simu inayotafsiri yenyewe, unaizungumzia, inazungumza. Mjukuu wangu alinionyesha. Nikaijaribu kwa Kigujarati, ikajibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi siku yangu ya kwanza, wala haikusema ewe msafiri. Sina ugomvi nayo. Nilimuuliza tu mjukuu, mtu akitazama sakafu, simu itasema nini? Akasema itasubiri. Nikamwambia basi ije nikae nayo kidogo, ina mwanzo mzuri.

Nilipostaafu, fundi Usmani aliniletea zawadi kwa mkokoteni, yeye na mkewe na wana wao wawili. Ni mlango. Una maua ya kizingiti, na chini, mahali ambapo hakuna ufa wowote, amechora mstari mwembamba akautia nta. Ndio mlango wa nyumba yetu leo, na Jenabai akija kunitembelea huugusa pale chini kwanza, kisha ndipo anabisha hodi. Kiswahili chake sasa kinanishinda kwa mizaha. Mume wake bado anamwita huyu.

Wiki iliyopita nilikwenda kufuatilia karatasi zangu za mafao. Binti aliyekuwa dirishani, mpole, kucha ndefu, alifika kwenye mstari wa mwenza akaniuliza, "Bibi, jina la mzee?" Nikampa kitambulisho cha mzee. Akasema hapana, bibi, nitajie tu, nitaandika. Nikakisukuma tena kitambulisho. Nje, Baba Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kiti cha bajaji akinisubiri na gazeti lake, na nilipomweleza alicheka mpaka dereva akageuka. Miaka yote hii, akasema, na serikali bado haijapata kitu kutoka kwako.

Nanyi mliosoma mpaka hapa labda mnataka kulijua jina lake. Njooni nyumbani, mlango mtautambua. Nisomeeni majina kumi.